Ua Lililofunga: Kulisoma Shairi la "Amina" Nikiwa Ruangwa

Kwa miaka kumi na mmoja nimelifundisha shairi la "Amina" la Shaaban Robert katika madarasa ya sekondari, kwanza Nachingwea na baadaye Ruangwa, na kwa miaka kumi kati ya hiyo nililifundisha vibaya. Nilikuwa nikiandika ubaoni: tashbihi, marehemu kulinganishwa na ua, ishara, ua ni uzuri na ufupi wa maisha, takriri, kiitikio cha kila ubeti. Wanafunzi walinakili, wakafaulu mtihani, nami nikaridhika. Aliyenionyesha kosa langu hakuwa mhadhiri wala mhakiki. Ni baba yangu mzazi, mkulima wa ufuta na korosho aliyeishia darasa la nne, na alinionyesha siku ile niliyolichukua shairi hilo nikalifanya fimbo ya kumchapia.

Wapenzi wa ushairi wengi wanalifahamu shairi lenyewe. Shaaban Robert, aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, alilitunga kumlilia mkewe Amina, na limo katika tawasifu yake, Maisha Yangu. Ni tanzia, lakini ni tanzia ya mapenzi: mume anazungumza na mkewe aliyetangulia, anamtakia heri huko aendako, anakiri majonzi yake, anajifariji kwa imani. Umbo lake ni tarbia ya kawaida: mishororo minne katika kila ubeti, mizani kumi na sita katika kila mshororo, nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho. Ni shairi fupi, ambalo mtu aweza kulihifadhi kwa jioni moja. Mimi nilikuwa nimelihifadhi tangu nikiwa mwanafunzi.

Mama alifariki mwezi wa Machi, masika yakiwa yamekolea na mashamba yote yakiwa kijani. Siku ya arobaini, baada ya dua, wazee wakiwa bado wameketi mikekani, niliomba ruhusa nikalisoma shairi la "Amina" kwa sauti. Nilidhani namsemea baba, maana mwenyewe hakuwa mtu wa maneno. Aliinamisha kichwa mpaka nilipomaliza, kisha akaitikia "Amin" kana kwamba nilikuwa nimesoma dua. Wakati ule sikulizingatia jambo hilo.

Mwaka mmoja na miezi mitatu baadaye nikapata habari kwamba mzee anataka kuoa. Bibi mwenyewe alikuwa mjane wa kijiji cha jirani, mtu wa heshima zake, na hapakuwa na aliyeona ajabu. Wajomba walisema mzee hawezi kuzeeka peke yake. Shangazi alisema afadhali. Mimi peke yangu nilikasirika. Jumamosi iliyofuata nikapanda bodaboda hadi shambani, nikamkuta akifunga ufuta.

Wasiolima ufuta yafaa waelezwe kidogo. Mabua yakishakatwa hufungwa matita kwa kamba, na matita husimamishwa yakiegemeana ili vitumba vikauke na kupasuka vikiwa vimeelekea juu, mbegu zisimwagike. Baadaye tita hupinduliwa juu ya turubai na kukung'utwa. Ni kazi inayotaka kamba iliyokazwa vema, kwa sababu tita likilegea, jasho la msimu mzima humwagika mchangani.

Nilimwamkia, akaitika, akaendelea na kazi. Nikamwambia: "Baba, unalikumbuka shairi nililolisoma arobaini ya mama?"

"Nalikumbuka."

"Basi huyo mtunzi alisema penzi lake na mkewe lilifungwa, na hakuna wa kulifungua. Wewe sasa unafanya nini?"

Hakukasirika. Alikaza kamba, akalisimamisha tita, kisha akaniuliza: "Lile ua, mwanangu, alisema limefanyaje?"

"Limefunga."

"Hakusema limenyauka?"

"Hapana."

"Wala limepukutika?"

"Hapana, baba."

"Mama yako alipanda maboga nyuma ya nyumba miaka yote aliyokaa nami. Ua la boga linafunguka alfajiri, na jua likipanda limeshafunga. Je, ulimwona hata siku moja akilia kwa sababu ua limefunga? Likifunga ndipo alipokuwa akiinama kutazama chini yake."

Nikanyamaza. Akachukua kamba nyingine, akaniambia kwa sauti ileile: "Na haya matita. Nikilifunga hili, lile la kwanza linafunguka?"

Sikuwa na jibu. Nilimsaidia kufunga matita mpaka jua likaelekea kutua, na hatukulizungumza tena jambo hilo. Lakini nilirudi nyumbani nikiwa na aibu ya aina mbili: aibu ya mwana aliyemkosea babake, na aibu ya mwalimu aliyegundua kwamba hajawahi kukisoma anachokifundisha.

Usiku ule nilikifungua kitabu, nikalisoma shairi kana kwamba silijui. Nilianza na kitenzi alichonishikisha baba. Kweli, mshairi hakusema ua lilinyauka, wala kukauka, wala kuanguka, ambavyo ndivyo vitenzi vinavyotujia haraka tunapotaja ua na kifo. Alichagua funga. Na katika ubeti uleule, kitenzi hichohicho kinarudi ndani ya kiitikio, sasa kikilizungumzia penzi la wawili hao, na kinapewa mwenzake wa kinyume, fungua. Kwa miaka kumi nilikuwa nimeviona viwili hivi kama maneno mawili yasiyojuana: moja la ua, jingine la mapenzi. Kumbe ni neno moja, na shairi zima linazunguka juu ya ekseli yake.

Ukilitazama hivyo, maana zinaanza kuitana. Kufunga ni kuziba, kama afungavyo mtu mlango. Kufunga ni kukaza kwa kamba, kama tita. Kufunga ndoa ni kuoana. Na kufungua nako kuna pande mbili: kulegeza kifundo na kufumbua kilichofumba. Kwa hiyo kiitikio kina sura mbili kwa pamoja. Upande mmoja ni fahari: kifundo chetu hakuna wa kukilegeza, hata mauti. Upande wa pili ni msiba: ua langu limefumba, na hakuna wa kulifumbua. Fahari na msiba vimo katika silabi zilezile. Mshairi hakulazimika kutuambia kwamba mapenzi na kifo vimeshikana. Alikipa kitenzi kimoja kazi ya kuvishika vyote viwili.

Kisha nikavitazama vina. Ubeti wa kwanza una kina cha kati cha nga, na kati ya maneno yanayokutana katika kina hicho kuna kujitenga na kufunga: neno la kuachana na neno la kuunganika yameketi mahali pamoja pa mshororo na kuitikiana kwa sauti. Beti nyingi zinazofuata zina vina vya kati vyake wenyewe, lakini kiitikio kinarudi na nga yake, na kila kinaporudi kinalivuta sikio nyuma hadi ubeti wa kwanza, hadi penye ua. Nilizoea kuwaambia wanafunzi kwamba kiitikio ni cha kusisitiza ujumbe. Ni kweli, lakini hiki kinafanya zaidi: kinamrejesha mfiwa mahali alipoanzia, kama ilivyo desturi ya mfiwa.

Najua mshairi mmoja miongoni mwenu atanijibu kwamba Shaaban Robert alihitaji kina cha nga tu, na funga likamfaa. Huenda. Kila aliyewahi kutunga tarbia anaijua njaa ya kina. Lakini mtunzi dhaifu hulipata neno la kina akaliacha mwisho wa kipande likae bure. Mtunzi huyu alilipata, akalipeleka kwenye kiitikio, akalifanya uti wa mgongo wa shairi. Arudhi ilimdai neno, naye akalipa kwa neno lenye faida.

Likaja pia jina. Shairi linaanza kwa kumwita marehemu, na jina lake ni neno ambalo kwetu hufungia dua. Hapo nikalikumbuka lile "Amin" la baba usiku wa arobaini. Huu ni usomaji wangu, wala simsingizii mtunzi, lakini masikio hayaongopi: shairi linaloanza kwa neno la kuhitimisha dua ni shairi la mtu aliyekwisha kuomba na kukubali, anayezungumza baada ya dua kuisha. Baba alilisikia hilo mara moja. Mimi, mwenye shahada, nilikuwa nikihesabu mizani.

Ili nijue kama nalipamba shairi kupita kiasi, nikaliweka sambamba na shairi fupi la William Wordsworth, mmojawapo wa washairi wakuu wa Uromantiki wa Uingereza, kuhusu msichana aitwaye Lucy, lililochapishwa mwaka 1800. Lina beti tatu tu. Nalo linamlilia mwanamke aliyekufa, nalo lina ua: ua dogo la urujuani lililojificha nusu nyuma ya jiwe lenye kuvu, na pembeni yake nyota iliyo pekee angani. Ishara za Wordsworth zinahusu upweke na kutojulikana: Lucy aliishi mahali pasipopitwa na watu, na wachache walijua alipokufa. Jina lake halitajwi mpaka ubeti wa mwisho. Shaaban Robert anaanza na jina. Ua la Mwingereza lamhusu mmoja, aliyekuwa peke yake. Ua la Shaaban Robert linakaa karibu na kitenzi cha watu wawili, kwa sababu fundo halifungwi na ncha moja. Maua mawili, vifo viwili, na tofauti yote imo katika kile ua linachofanya na mahali lilipowekwa.

Hapo ndipo nilipolitambua kosa langu la miaka kumi. Nilikuwa nikisoma ishara kama mtu anayesoma kamusi: ua, maana yake uzuri, nyota, maana yake matumaini, giza, maana yake mauti. Lakini ishara katika shairi fupi haikai ndani ya nomino peke yake. Inakaa katika kitenzi, katika jirani yake wa kina, katika kile ambacho mtunzi angeweza kusema na hakusema. Shaaban Robert hakulitaja ua lake kuwa ni waridi wala asumini. Sidai kwamba yeye, mtoto wa pwani ya Tanga, alikuwa na ua la boga moyoni. Ninachosema ni kwamba aliliacha bila jina, na ua lisilo na jina humruhusu kila msomaji alete la shambani kwake, ilimradi liwe ua linalofunga. La baba lilitoka nyuma ya nyumba yetu, nalo lilikitii kitenzi kuliko waridi langu la vitabuni.

Na jambo la mwisho, ambalo ningepaswa kulikumbuka kabla ya kupanda bodaboda ile: Shaaban Robert mwenyewe alioa tena baada ya Amina. Aliyesema kifundo hakifunguki hakuona kwamba kufunga kingine ni kukifungua cha kwanza. Nilikuwa nimemhukumu baba kwa sheria ambayo mtunzi wake hakuitunga. Shairi lilisema hakuna wa kufungua. Kukataza kufunga ni mimi niliyekuongeza.

Ndoa ya baba ilifungwa mwezi wa Agosti, mikorosho ikiwa katika maua na harufu ya salfa ikiwa imetanda vijijini. Nilihudhuria. Mama yangu wa kambo alinipokea kwa staha, na nyuma ya nyumba niliona mashimo yamekwisha kuchimbwa kungoja mvua. Baba alisema ni ya maboga, na mbegu ni zile alizoziacha mama juu ya dari.

Siku hizi nikilifundisha shairi la "Amina" siandiki ubaoni kwamba ua ni ishara ya uzuri. Ninauliza swali la baba: ua hilo limefanyaje? Mwaka huu, binti mmoja wa kidato cha tatu, anayekaa madawati ya nyuma na ambaye husema kwa nadra, aliinua mkono baada ya kimya kirefu. "Limefunga, mwalimu," akasema, "na aliyelifungia yuko nje, anangoja." Sikuwa nimelifikiria hilo. Nikamwomba alirudie, nami nikaliandika.