Sauti ya Babu na Kadi Moja ya Sauti

Nyumbani kwetu Koboko palikuwa na redio moja. Ilipofika saa ya taarifa ya habari Babu aliichukua, akaiweka karibu na sikio lake, na hakuna aliyethubutu kuigusa. Sisi wajukuu tulitaka muziki, Bibi alitaka kwaya, lakini redio ilikuwa na mwenyewe mpaka habari ziishe. Niliikumbuka redio hiyo miaka mingi baadaye, siku kompyuta yangu ilipokataa kunasa sauti ya Babu huyohuyo.

Tulikuwa mwaka wa pili tulipopewa kazi ya kumhoji mzee anayezungumza Kiswahili. Kwa West Nile kazi hiyo si rahisi. Nyumbani tunasema Kikakwa, hapa Arua nasikia zaidi Kilugbara, na sokoni Kinubi. Lakini Babu alijiunga na jeshi miaka ya 1960, na lugha ya kambini ilikuwa Kiswahili. Serikali ya Idi Amin ilipoanguka mwaka 1979, familia yetu ilikimbilia Zaire kama familia nyingi za huku. Babu hakuwahi kutusimulia safari hiyo. Nilipomwomba, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Njoo, mjukuu wangu. Kwa Kiswahili nitaweza."

Jumamosi nilisafiri takriban kilomita 55 kutoka Arua nikiwa na kompyuta mpakato ya mtumba inayotumia Linux. Simu yangu ilikuwa ya vitufe, haikufaa kunasa mazungumzo marefu. Nilimkuta Babu amevaa koti na ameketi chini ya mwembe ananisubiri. Nikafungua programu ya kunasa sauti, nikabonyeza kitufe. Ujumbe ukatokea: kifaa cha sauti hakifunguki, kinatumiwa na programu nyingine.

Programu gani? Nilifunga kila dirisha nililoliona. Ujumbe haukubadilika. Nikaamua kuizima na kuiwasha upya, lakini betri ilikuwa imechoka na nyumbani umeme ni wa sola ndogo ya taa na simu. Ilizimika isiwake tena. Nilitoa daftari, nikasema nitaandika. Babu aliitazama ile kompyuta, akavua koti polepole. "Utarudi ikipona," akasema.

Niliporudi Arua nilitafuta kosa liko wapi. Usiku wa Ijumaa ndugu yangu, mtoto wa baba mdogo, alikuwa ameiazima kompyuta atengeneze midundo. Alipomaliza alifunga dirisha, lakini huduma ya ile programu ya muziki ilibaki ikifanya kazi nyuma ya pazia, imeishika kadi ya sauti peke yake. Ilikuwa kama Babu na redio yake.

Nilidhani kompyuta inahitaji kadi ya pili. Kumbe haihitaji. Kadi ya kawaida hupokea mfululizo mmoja tu wa namba, kwa mfano namba 48,000 kwa sekunde kwa kila spika. Programu mbili zikitaka kusikika pamoja, lazima pawe na wa kuzijumlisha namba zao kabla hazijafika kwenye kadi. Zamani kwenye Linux, mara nyingi programu iliyotangulia ndiyo iliyopata kadi, na nyingine zikakataliwa. PulseAudio, iliyoanzishwa mwaka 2004, ilikuja kukaa katikati. Kila programu huikabidhi sauti yake. Wimbo wenye namba 44,100 kwa sekunde hubadilishwa ulingane na 48,000, kisha sauti zote hujumlishwa na kadi hupewa mfululizo mmoja. Kwa maikrofoni kazi ni kinyume chake: sauti moja inaingia, kila anayeiomba anapewa nakala.

Kwa nini basi programu nyingine impite huyo wa katikati? Kwa sababu mpiga muziki hawezi kuvumilia kuchelewa. Akigusa kinanda, anataka sauti itoke papo hapo. Ndugu yangu hakufanya kosa, alihitaji kadi kwa namna yake kama mimi nilivyoihitaji kwa yangu. PipeWire, iliyobuniwa na Wim Taymans, ilitengenezwa ili iwahudumie wote wawili, na Fedora 34 iliifanya kuwa chaguo lake la kawaida mwaka 2021. Wenye Windows nao waangalie mipangilio ya kifaa chao cha sauti. Mna kisanduku kinachoruhusu programu kukitawala peke yake, na alama yake inaweza kuondolewa. Tunasema mafahali wawili hawakai zizi moja. Nadhani aliyesema hivyo alikuta zizi lisilo na mchungaji.

Kuizima ile huduma kulinichukua dakika mbili. Dakika hizo mbili ndizo zinazoniuma hadi leo, maana kabla sijapata nauli ya kurudi Koboko Babu alipatwa na kiharusi. Anaelewa tunachosema, lakini maneno hayatoki.

Nilikwenda hivyohivyo. Bibi aliponiona na kompyuta akaniuliza kwa Kikakwa, "Kwani mimi sikutembea safari ile?" Hakuna aliyewahi kumuuliza. Mimi mwenyewe sikuwa nimemfikiria, kwa kuwa hajui Kiswahili na kazi ilitaka Kiswahili. Safari hii nilihakikisha kwanza kwamba hakuna programu iliyoishika kadi, nikajaribu kunasa sauti yangu na kuisikiliza, ndipo nikamwambia aanze. Alizungumza zaidi ya saa moja, nami nimeyatafsiri maneno yake yote.

Katika rekodi hiyo Babu hasemi neno. Lakini kila Bibi anapokosea jina la mahali, inasikika fimbo ikigonga chini mara mbili, na Bibi anarudi nyuma kusahihisha.