CHUMA CHA KINGA

Wahenga walinena kwamba ajali haina kinga. Methali hii nimeisikia matangani mara nyingi mno, hata siku hizi ikitajwa tu najua kwamba mhubiri yu karibu kumaliza. Kwa heshima zote za wazee wetu, mimi nina shaka nayo. Nina shaka kwa sababu sisi wakazi wa Bonde la Ufa tumezoea kutembelewa na watu wasioiamini hata kidogo, nao huja na magari.

Naam, msomaji mpendwa, nazungumzia mbio za magari za Safari. Mbio hizo zilianza mwaka wa 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na enzi hizo zilipitia Kenya, Uganda na Tanganyika. Baada ya mwaka wa 2002 ziliondolewa katika mashindano ya dunia, zikarejeshwa mwaka wa 2021, kitovu chake kikiwa Naivasha. Tangu hapo vumbi la Soysambu na Elmenteita limepanda hadi mbinguni. Watu hutoka Nakuru, Gilgil hata Njoro, wakapanda juu ya miti na mapaa ya matatu ili waone gari moja likipita kwa sekunde tatu.

Kinachowafurahisha wengi, tuseme ukweli, ni gari kubiringika. Gari hupinduka mara moja, mara mbili, mara tatu, milango ikachanika kama karatasi. Vumbi likitulia dereva hutoka akitikisa kichwa, na umati ukapiga kelele, "Huyo ana bahati!" Bahati gani? Ndani ya gari lile mna kizimba cha mabomba ya chuma kinachomzunguka dereva na msaidizi wake. Shirikisho la kimataifa la mbio za magari limeeleza hata unene wake: upinde mkuu, ule ulio nyuma ya viti, yafaa uwe wa bomba lisilo na mshono, lenye kipenyo cha milimita 45 na unene wa milimita 2.5, au milimita 50 kwa 2. Kizimba hakizuii gari kupinduka. Kazi yake ni kulinda nafasi ndogo ambamo mtu ataendelea kuwa mtu baada ya gari kuwa chuma chakavu. Mikanda humshikilia dereva ndani ya nafasi hiyo asirushwe nje. Hata wale wa Rhino Charge, shindano la kupita porini lililoanza mwaka wa 1989 kuchangia ua wa kuwalinda faru wa Aberdare, huvishinda vijito na majabali wakiwa ndani ya vizimba kama hivyo.

Sasa, tukitoka kwenye vumbi hilo, tutazame ng'ambo ya ua. Kule shambani kuna chombo kingine kinachopita pasipo na barabara, tena si kwa siku nne za mashindano bali mwaka mzima. Hakipigiwi makofi na mtu. Ni trekta. Na dereva wa trekta moja huko, katika vilima vilivyo kati ya Njoro na Mau Narok, ni baba yangu mzazi.

Baba alianza kuendesha trekta kabla mimi sijazaliwa. Analima, anapiga haro, anapanda ngano, na wakati wa mavuno anakokota trela la mahindi au viazi. Trekta lenyewe lilipoletwa lilikuwa na chuma cha kinga: nguzo mbili zilizosimama nyuma ya kiti na kuungana juu kama goli la mpira. Lakini chuma kile kiligonga kizingiti cha mlango wa stoo. Mwenye shamba akaamuru kifunguliwe. Bolti zikalegezwa, kikabebwa hadi nyuma ya nyumba, kikaegemezwa ukutani. Kuku waliona kiti cha enzi kimeshushwa, nao hulala juu yake hadi leo. Mkanda wa kiti nao ukapewa kazi ya kufungia mtungi wa maji.

Nilimwuliza baba siku moja tukinywa chai, "Baba, kwa nini hamrudishi kile chuma?"

"Kitaingia stoo namna gani?"

"Si mlango uinuliwe?"

Baba alicheka. "Wewe enda ukamwambie tajiri ainue mlango. Halafu uje uniambie amesema nini."

Pengine wewe msomaji unajiuliza, kwani trekta huenda kasi gani hata lipinduke? Hapo ndipo wengi hudanganyika. Trekta haliui kwa mbio. Limeinuka juu ili lisikwaruze mimea, kwa hivyo uzito wake nao umekaa juu. Gurudumu moja likiteleza kwenye mtaro, au lipite juu ya kichuguu huku la pili likiwa bondeni, mambo yameisha. Isitoshe, lina kanyagio mbili za breki, moja ya gurudumu la kushoto na nyingine la kulia, ili dereva aweze kugeuka kwa urahisi mwisho wa mtaro wa kulimia. Kazi hiyo ni nzuri shambani. Lakini barabarani kanyagio hizo zisipounganishwa kwa kile kichuma chake, mguu ukikanyaga moja tu, trekta hugeuka ghafla bin vuu.

Na kuna kupinduka kwa nyuma, ambako baba hukuogopa kuliko kote. Tuseme magurudumu makubwa yamezama kwenye tope, nawe unaongeza mafuta ukitaka kwenda mbele mlimani. Nguvu ya injini ikikosa kuyazungusha magurudumu, hulizungusha trekta lenyewe. Pua huinuka, na kufumba na kufumbua limekulalia. Yote hayo huweza kutendeka kwa muda usiofika sekunde mbili, kabla mguu haujaipata klachi. Vivyo hivyo unapong'oa kisiki ukiwa umefunga mnyororo mahali pa juu. Mzigo wa kukokotwa sharti ufungwe chini, kwenye kile chuma cha kukokotea kilicho chini ya ekseli. Ukiufunga juu, kila kilo ya mzigo inavuta mgongo wa trekta kuelekea kwako. Ukizama topeni, toka kwa kurudi nyuma. Baba hakuyasoma hayo popote. Aliyajua kwa kuona.

Alichokiona ni hiki. Miaka mitatu iliyopita, mwezi wa Aprili, dereva mwenzake wa shamba la jirani alikuwa akilima karibu na korongo baada ya mvua ya usiku. Ukingo ulimeguka. Trekta lilipinduka ubavu mara moja tu, wala halikubiringika kama yale ya Elmenteita, likakaa kimya injini ikiendelea kunguruma. Nalo lilikuwa halina chuma cha kinga. Mzee yule ndiye aliyekuwa akinibeba shuleni siku za mvua, na mara kwa mara alinipa ndizi mbivu kutoka kwenye mfuko wa koti lake la mvua. Mhubiri alipofika kwenye ajali haina kinga, nilimwona baba akitazama chini. Sikujua alikuwa akiwaza nini.

Kupinduka si hatari pekee. Kuna trela, na hapa nitasema zaidi kwa kuwa wengi wetu tumepanda. Chukua magunia 50 ya mahindi, kila gunia kilo 90. Hizo ni tani nne na nusu, mbali na uzito wa trela lenyewe. Trekta dogo la nguvu za farasi 50 hivi lina uzito wa kama tani mbili. Ama kweli mtoto ndiye anayemvuta mama! Kwenye mlima hilo ni shida ya injini tu. Lakini mkianza kuteremka, na trela halina breki zake, mzigo ndio unaomsukuma dereva. Akikanyaga breki kwa ghafla, trela hulisukuma trekta kando, vyote viwili vikajikunja kama kisu cha mfukoni. Dawa yake ni kuingiza gia ndogo kabla ya kuanza mteremko. Wako madereva ambao hufanya kinyume, hutoa gia kabisa ili waokoe dizeli, mtindo uleule ambao umewapa madereva wa malori sifa mbaya pale Salgaa. Utaokoa kikombe cha dizeli, basi.

Halafu itazame ile pini inayounganisha trekta na trela. Pini halisi ni ya chuma kigumu, na ina kipini kidogo cha kuizuia isiruke. Ikipotea, mtu huchukua kipande cha nondo ya kujengea nyumba akapachika. Nondo hupinda, hupinda, halafu siku moja mlimani trela hurudi lilikotoka pamoja na vibarua kumi waliokaa juu ya magunia. Mnyororo wa pili, uliofungwa kando kama akiba, ungelishika. Baba anao, aliununua kwa pesa zake. Juu ya kupakia watu, amri yake ni moja: juu ya mzigo hapana. Vibarua humwita mkali, ati anajidai. Na giza likiingia hakokoti kitu, maana trela halina taa, na matatu za barabara ya Njoro haziulizi.

Mwaka jana Chama chetu kilizuru maonyesho ya kilimo pale Nakuru. Wenzangu walikimbilia kwa ng'ombe na vibanda vya soda. Mimi nilisimama mbele ya trekta jipya lenye chuma cha kinga, nikashika mkanda wake. Muuzaji alitabasamu. "Kijana, huo si wa kufungia mtungi," akasema, kana kwamba alikuwa amefika kwetu. Akanieleza jambo nililokuwa silijui: chuma na mkanda ni mume na mke. Ukiwa na chuma bila mkanda, utarushwa nje na huenda chuma chenyewe kikakuangukia. Na kama trekta halina chuma, usijifunge, kwa maana utakuwa umejifunga kwenye kitu kitakachokulalia. Akanionyesha pia kwamba viko vyuma vinavyokunjwa kwa kuchomoa pini mbili, ili trekta liingie mahali palipo na dari fupi, kisha vikasimamishwa tena.

Niliporudi nilipekua vitabu. Uswidi ilipitisha sheria mwaka wa 1959 kwamba kila trekta jipya liwe na kinga iliyojaribiwa, na Uingereza ikafuata mwaka wa 1970. Huko vifo vya kulaliwa na matrekta vilipungua sana. Matrekta hayakuacha kupinduka. Milima ilibaki palepale, na tope pia.

Likizo iliyopita nilimsimulia baba habari hizi zote. Hakusema neno. Kesho yake nilimkuta nyuma ya nyumba na futi ya seremala, amewafukuza kuku, anapima. Chuma kinauzidi mlango wa stoo kwa sentimita 22. Fundi mmoja wa jua kali alishauri kikatwe sentimita hizo kisha kiunganishwe kwa kuchomelea, kazi ya asubuhi moja. Baba alikataa katakata. Alisema chuma kilichokatwa na kuungwa hakijulikani kitavunjikia wapi, na kikiwa kifupi kuliko kichwa chake kitamsaidia nini? Aliandika vipimo nyuma ya risiti ya dizeli, pamoja na bei ya mbao za kizingiti kipya na bolti nne, akampelekea mwenye shamba.

Mwenye shamba aliisoma risiti ile pande zote mbili. Akasema jambo hilo lina maana, na kwamba litaangaliwa baada ya mavuno. Mahindi yameshavunwa na kukobolewa. Ninapoandika haya risiti ingali mfukoni mwake, kuku wamerudi juu ya chuma, na baba amekwisha kuambiwa aanze kulima upande wa korongoni kabla ya mvua za Machi.