Kwa Mpwa Wangu Idrisa, Kuhusu Mfuko wa Bastola

Mbagala Kizuiani

Mpwa wangu Idrisa,

Mama yako kanipigia simu, anasema kibali kimetoka, bastola umeshanunua, na mfuko wake umeshonewa na fundi viatu pale Tandika kwa kuwa wa dukani ni ghali. Bastola sina neno nayo. Kufunga ofisi ya uwakala Mwananyamala saa nne usiku, mauzo ya siku nzima yako mkononi, si mchezo. Wasiwasi wangu ni huo mfuko.

Nimekaa ghala la silaha mpaka nikastaafu, askari wakichukua na kurudisha mbele ya macho yangu. Glock kama hiyo yako haina kitufe cha usalama cha nje. Usalama wake umo kwenye triga yenyewe na ndani ya mtambo. Chochote kitakachoikandamiza triga sawasawa, kiwe kidole, pindo la shati au kamba ya jaketi, itafyatua. Haibagui.

Ngozi laini ya fundi viatu siku za mwanzo hukaa vizuri. Ikishanyonya jasho la Dar miezi kadhaa, mdomo hulegea, na ukichomoa bastola unajifunga. Sasa rudisha: ukingo wa ngozi unakunjika kwa ndani, unaingia penye triga, nawe unazidi kusukuma ukidhani mfuko umebana tu. Risasi inashukia pajani. Watu huogopa kuchomoa. Mimi huogopa zaidi kurudisha, maana hapo mtu keshatulia na akili iko kwingine. Hakuna jambazi anayekuharakisha urudishe. Shika shati kwa mkono wa kushoto, tazama mdomo wa mfuko, kidole kiwe nje kimenyooka, uingize polepole.

Mwingine atakuuzia wa plastiki ngumu wenye kitufe cha kubonyeza kwa kidole cha shahada ndipo bastola iachie. Umebuniwa ili usipokonywe, na ndani ya daladala la Gongo la Mboto hiyo ni hoja. Tatizo, ukiwa na hofu kidole kinabonyeza kwa nguvu, na bastola ikitoka hakiachi kubonyeza, nacho kimeshafika usawa wa triga. Marekani, vyuo kadhaa vya mafunzo ya silaha viliupiga marufuku. Tafuta unaoachia kwa dole gumba, au unaobana kwa umbo lake wenyewe, ulioifunika triga yote.

Kuichomeka kiunoni bila mfuko ndiyo usithubutu. Mwaka 2008 Plaxico Burress, mchezaji wa New York Giants, timu ya soka la Kimarekani, aliingia klabu ya usiku na Glock kiunoni. Ikateleza, akaidaka, akajipiga paja. Huyo ni mtu aliyekuwa akilipwa kwa kudaka! Mwaka uliofuata akafungwa kwa kuwa na silaha bila kibali. Ikikuponyoka, iache ianguke.

Utasema paja ni langu. Februari 2018 Akwilina Akwilini, mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT), alikuwa abiria tu ndani ya daladala Kinondoni, polisi wakitawanya waandamanaji, na risasi ikamkuta. Hapo mtaani kwenu nyumba zimeegemeana, na ukuta wa bati hauzuii kitu.

Upime mfuko wako hivi. Toa magazini kwanza, kisha vuta slaidi, chungulia chemba, hakikisha ni tupu kwa jicho na kwa kidole. Elekeza mdomo wa bastola pasipo na mtu. Iweke mfukoni, uminye kwa nje penye triga. Ukiisikia triga kwa dole gumba, huo mfuko mrudishie fundi akushonee ala ya panga.

Ukipata mwingine, njoo nao Jumapili niuone. Bastola iache nyumbani kwenye kasha lenye kufuli, na ufunguo usimwachie mama yako. Atauweka juu ya kabati kila mtoto auone.

Mjomba wako