Saa Kumi za Mezani



Mwaka wangu wa kichungaji niliufanyia katika parokia yenye vigango visivyo na umeme. Akina mama wa jumuiya walichanga fedha ili ipatikane kompyuta ya kufundishia watoto wa Komunyo ya Kwanza. Muuzaji mmoja mjini alikuwa na iliyokwisha kutumika, ya aina ile ambayo ukichomoa kibodi hubaki kishikwambi. Akaniambia, "Frateri, hii inakaa na chaji saa 10." Paroko akamwomba atuachie siku 2 niijaribu, ndipo tulipe.

Siku ya kwanza, baada ya Misa ya asubuhi, niliiwasha ikiwa imejaa chaji. Nikapunguza mwanga wa kioo, nikazima intaneti, nikaiacha mezani. Ilizimika baada ya saa 9 na dakika 40. Nikaenda mbio kumweleza Paroko. Aliniuliza swali moja tu: "Na kigangoni utaiacha mezani?"

Siku ya pili niliipeleka chini ya mwembe. Nje kioo hakisomeki mpaka uongeze mwanga hadi mwisho. Niliandika mafundisho, nikaonyesha video. Kwenye maandishi ilikwenda vizuri, lakini nilipofungua mambo mengi kwa pamoja ilianza kukokota, maana kumbukumbu yake ni GB 4 tu. Baada ya saa 5 na dakika 10, kioo kikawa giza.

Jioni niliichomeka umeme, nikaandika amri ya powercfg /batteryreport, ambayo huifanya Windows itoe taarifa ya betri. Ilipotoka kiwandani betri ile ilibeba mWh 38,000. Sasa ikijaa inafika 30,400, yaani asilimia 80. Si ajabu: betri za lithiamu huchakaa kadiri zinavyochajiwa, na joto huzichakaza upesi zaidi. Nikapiga hesabu: ikikaa tu hula kama wati 3, ikifanya kazi karibu wati 6. Muuzaji alinitajia saa za kompyuta iliyopumzika.

Usiku ule usingizi ulichelewa. Akina mama walikwisha kunipongeza, na mimi mwenyewe, nakiri, niliitamani ile kompyuta. Ningeweza kusema "ilikaa karibu saa 10" na hakuna ambaye angenishika kwa uongo. Lakini fedha ile ilitoka kwenye mahindi na maandazi yao.

Dominika baada ya Misa niliwasomea vipimo vyote viwili. Wakanyamaza. Kisha mwenyekiti wao akauliza, "Frateri, darasa ni la saa ngapi?" Nikamjibu, saa 3. "Basi inatosha. Ila bei ishuke." Tulimrudia muuzaji na ile taarifa ya betri mkononi, naye akashusha. Kilichobaki kikawa mwanzo wa mchango wa sola ya kigango.

Tangu hapo, ninapotafiti dhamiri jioni, swali la Paroko hunirudia. Kwenye mafungo, kulikotulia, uvumilivu wangu hukaa saa 10. Kipimo cha kweli ni siku yenye mazishi mawili, mvua, na baiskeli yenye pancha. Siku ile hesabu yangu huwa ndogo, nami najifunza kumtajia Mungu ile ile ndogo.