SHABA YETU NA PETE MBILI



Kila mwaka, wakati wa sita wanaanza kuwaza mambo ya universite, ulizo ni moja: shimi itatuletea nini? Wengi wanaikimbia. Tunawaelewa, sababu molekula tunazijua kwa choko na ubao tu. Lakini tusikimbie kitu bila kukitazama. Tuangalie kazi ya mtu mmoja.

Jean-Pierre Sauvage alizaliwa Paris mwaka 1944, akafanya kazi yake kule Strasbourg. Mwanzoni hakuwaza mashini. Alichunguza namna molekula zinaweza kutumia nguvu ya mwangaza wa jua. Alipotazama umbo la molekula moja yenye shaba katikati, kumbe! ikafanana na mnyororo unaotaka kufungwa.

Hapo akageuza njia. Mwaka 1983 yeye na wenzake walichukua molekula moja ya duara kama pete, na nyingine yenye umbo la mwezi mchanga. Iyoni ya shaba ikazivuta zote mbili, ule mwezi ukapita ndani ya pete. Wakaufunga kwa kipande kingine, ukawa pete ya pili. Kisha wakaondoa shaba. Pete zikabaki zimeshikana, hata bila kugandishwa. Mwaka 1994 wakaweza kuizungusha moja ndani ya nyingine.

Fraser Stoddart, Mskoti, alikwisha kutengeneza mwaka 1991 pete inayotembea juu ya fimbo yake. Ben Feringa wa Uholanzi akaleta motere ya molekula mwaka 1999. Mwaka 2016 wote watatu wakagawana Tuzo ya Nobel ya shimi. Mashini hizo ni ndogo kuliko unene wa nywele mara elfu. Kazi nyingi juu yao ingali ndani ya laboratwari. Iko nafasi kwa wanaokuja.

Sasa sisi. Inchi yetu inachimba shaba mingi kule Katanga, malori yanaivusha mpaka. Sauvage alitumia kidogo sana, tena akaitoa. Kilichobaki ni kile alichokifikiri. Mungu ametupa udongo wenye mali, ametupa na akili. Hesabu atatuuliza juu ya vyote viwili.

Basi nyinyi wa nne na wa tano, mwalimu wa shimi akichora pete ubaoni, msilale. Ulizeni: inashikwa na nini?