Kuunga Bati Kuukuu

Marehemu baba yangu aliacha msahafu, kabati la vitabu, na gari aina ya Peugeot 404. Msahafu na vitabu vilipata wenyewe kwa salama. Gari hakuna aliyelitaka. Lilikaa chini ya mwembe huko Tanga kwa miaka mingi, na upepo wa bahari, usio na haraka wala huruma, ukalila kidogo kidogo. Hata hivyo lilikuwa gari la sifa. Lilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1960, na wazee wetu walilipenda kwa kuwa lilishinda mashindano ya Safari ya Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968.

Mwaka 2022 niliazimia kulifufua. Mama alikuwa amenena neno moja tu: kwamba angependa kupelekwa Pangani, japo mara moja, ndani ya gari la mumewe.

Kazi yangu ni maneno, si moto. Nilikwenda kwa fundi mmoja mzee, nikajifunza kuchomelea wakati wa likizo, na shahada yangu ya udaktari haikunipa cheo chochote karakanani kwake.

Bati la bodi ya gari ni jembamba. Unene wake hupata milimita 0.8 hadi 1, na wembamba huo ndio asili ya taabu yote. Umeme wa vijiti, utumikao kuungia mageti na nondo za madirisha, ni mkali mno kwake. Hutoboa kabla ya kuunga. Gesi ya asetilini ikichanganywa na oksijeni hutoa ndimi za moto upitao nyuzi 3,000 za sentigredi. Kiungo chake ni laini, hukubali nyundo, lakini joto lake hutambaa mbali na kulipinda bati. Mashine iitwayo TIG, yenye ncha ya tangisteni na gesi ya agoni, hukusanya joto mahali padogo, na kiungo chake ni laini vilevile. Ila hudai mikono miwili yenye utulivu, bati lisilo na chembe ya kutu, na kingo zinazogusana sawasawa. MIG hujilisha waya yenyewe, na waya wa milimita 0.6 hufaa bati jembamba. Ni nyepesi kujifunza na ya haraka, lakini kiungo chake ni kinene na kigumu, hakitii nyundo kwa urahisi.

Nilimwuliza fundi ipi iliyo bora. Akacheka. "Mwanangu," alisema, "waniuliza dawa kabla ya kutaja ugonjwa."

Sikumwelewa mpaka nilipoharibu. Nilianza na madigadi ya mbele, kwa kuwa ndiyo yaonekanayo na wapita njia. Nilitumia MIG, nikavuta mstari mmoja wa shibiri nzima bila kupumzika. Bati likajikunja mawimbi mbele ya macho yangu. Chuma kikipata moto hutaka kutanuka. Kikizuiwa na bati baridi lililokizunguka, hujisonga. Na kikipoa hubaki kifupi kuliko kilivyokuwa, kikavuta kila kilicho jirani. Dawa yake ni kukipiga nyundo ili kirudi kutanuka, huku kipande cha chuma kizito kimeshikwa kwa nyuma. Basi nilikata tena, nikaunga kwa gesi, nikapiga nyundo polepole. Madigadi yalinichukua miezi mitatu.

Vizingiti vya chini ya milango nilivipa jioni moja. Gari hili halina fremu ya peke yake. Bodi yenyewe ndiyo uti wa mgongo, na vizingiti ni katika mifupa yake mikubwa. Nililijua hilo. Lakini nilikuwa nimechoka, na nani huinama kutazama kizingiti? Nikabandika bati jipya juu ya kutu, nikalishika kwa MIG hapa na pale, nikapaka rangi nyeusi.

Fundi alikuja asubuhi, akasifu madigadi, kisha akatoa bisibisi mfukoni na kukigonga kizingiti toka mwanzo hata mwisho. Penye ukingo wa kiraka changu alisukuma kidogo. Bisibisi ikazama mpaka mpini.

"Mama atakaa upande gani?" aliniuliza.

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimempa uzuri miezi mitatu, na uhai jioni moja.

Tulikata kutu yote mpaka chuma kizima. Kiwandani mabati yale yaliunganishwa kwa kubanwa na kupitishiwa umeme, nukta kwa nukta. Sisi tulitoboa matundu ya milimita 8 katika bati la juu, tukapaka rangi ya zinki ndani ya maungio na kuyaacha matundu wazi, tukayajaza kwa MIG. Ndani ya kizingiti nyundo haifiki, wala haihitajiki. Hapo nguvu ndiyo itakiwayo. Kwanza lakini nilijaribu juu ya vipande vibovu na kuvipasua kwa koleo. Viungo vya mwanzo vilibanduka kama vifungo vya shati kuukuu. Vya baadaye viling'oka na bati lenyewe. Ndipo fundi aliponiruhusu kuligusa gari.

Sasa naamini kwamba mwenye kuchagua njia ya kuunga hana budi kuuliza mawili: kipande hiki kitabeba nini, na je, mkono wangu wafika nyuma yake? Mashine huja baada ya majibu.

Tulikwenda Pangani. Mama aliketi kushoto, na tuliposhuka alipapasa madigadi, akasema yamekuwa kama zamani. Jua la alasiri likiyapiga kwa upande, wimbi moja dogo laonekana bado. Kizingiti hakukitazama.