Simu Ikiingia Maji: Minneapolis na Kariakoo

Hapa Minneapolis, ukipeleka dukani simu iliyoingia maji, mhudumu hagusi bisibisi. Anachomoa trei ya laini, anamulika ndani na kutafuta alama ndogo ambayo ikilowa hugeuka nyekundu. Akiiona nyekundu, mazungumzo yamekwisha: waranti haihusu maji, karibu utazame simu mpya. Shemeji yangu alijibiwa hivyo. Simu yenyewe haikumuuma; kilichomliza ni picha za marehemu mama yake zilizokuwamo.

Kariakoo, mtaa wa Aggrey, fundi huanza kwa swali: "Umeichaji?" Hapo ndipo penye kesi. Umeme ukipita kwenye bodi iliyolowa, huiunguza na kuharakisha kutu. Maji ya chumvi ndiyo mabaya zaidi. Nimewahi kukaa pembeni nikimtazama fundi akihangaika na simu ya mchuuzi wa samaki wa Feri, iliyotumbukia kwenye ndoo ya maji ya bahari. Alitoa betri kwanza. Akang'oa vifuniko vya bati, akasugua bodi kwa mswaki wenye spiriti mpaka ule ukijani kwenye tundu la chaji ukaisha, akapiga bloa, kisha akashika mita kutafuta shoti. Kumbe ni kapasita moja tu, ndogo kuliko punje ya ulezi. Akaitoa. Simu ikawaka, na namba za wateja zote zimo.

Huo ni utaalamu kamili, na inaniudhi tukiuita ujanja wa mtaani. Huku Minnesota ilibidi itungwe sheria, iliyoanza kutumika Julai 1, 2024, kuwalazimisha watengenezaji wauze spea na kutoa miongozo hata kwa mafundi wasio wao. Wa Kariakoo hawakungoja ruhusa. Wanachokosa ni spea halisi. Pia wamwambie mteja ukweli: simu ikishafunguliwa, isitegemewe tena kuzuia maji kama ilivyotoka kiwandani.

Mchele wa kufukia simu iliyolowa, huku na huko, tuuache jikoni. Hautoi maji yaliyojificha kwenye bodi, na Apple wenyewe wameonya kuwa chembe zake zinaweza kuharibu simu.

Basi ndugu yangu, simu ikitumbukia, izime. Laini ihamishie kwenye simu nyingine ili M-Pesa isikwame. Usiichaji hata kama inaonekana imekauka, na umfikishie fundi siku hiyo hiyo.